Shimo Lilikuwa Limefunikwa

Jumatatu, 5 Julai 1999

Pushapu mia mbili. Kichurachura kuzunguka ghala mara ishirini. Halafu teke la kulia, hewani, mpaka Sensei akachoka kuhesabu. Yeye ndiye aliyechoka. Sisi hatuna ruhusa hiyo.

Asubuhi tulikimbia mpaka Chapwa na kurudi. Baridi ya kukata masikio. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia yamepanga foleni ndefu, madereva wanapasha injini, sisi tunakimbia ndani ya moshi wao. Kazini nimefika vidole vimevimba. Kupiga taipu fomu za forodha kwa vidole hivi ni adhabu nyingine. Nimeharibu fomu tatu.

Jioni Sensei Jailosi ametangaza. Mtihani wa mkanda mweusi wa karate ni Jumamosi ya tarehe 14 Agosti, Mbeya mjini. Tunaokwenda ni watatu: mimi, Hamadi wa gereji, na Chanda anayevuka kila siku kutoka Nakonde. Wiki sita. Mazoezi mara mbili kwa siku, Jumapili pia. Atakayekosa hata mara moja jina lake linakatwa na asirudi tena dojoni, hapa ghalani tunapofanyia mazoezi. Hakusema kwa ukali. Alikuwa anafuta vumbi kwenye mizani ya chuma ya kupimia mahindi, mgongo ametugeuzia.

Nimelitaka hili miaka mitano. Limekuja, na ninajisikia kama mtu aliyefungiwa mlango kwa nje.

Jumatano, 7 Julai

Sabasaba. Watu wamepumzika. Sisi tumeingia ghalani saa kumi na mbili asubuhi, tumetoka saa kumi jioni.

Kata zote, ile mipangilio ya hatua na mapigo, kuanzia ile ya mkanda mweupe. Ukikosea hatua moja unarudia yote. Hamadi amekosea mara moja tu. Mimi mara nne. Ngozi ya nyayo imebanduka, nimeacha alama za damu kwenye sakafu ya saruji. Sensei ameziona. Akaniambia nizideki kabla ya kuondoka.

Hamadi alichukua tambara akadeki na mimi. Ndivyo alivyo. Miaka mitano tumepigana karibu kila jioni na sijawahi kutoka pale nina kinyongo naye.

Jumapili, 11 Julai

Sijaenda kanisani. Ni Jumapili ya kwanza ya mazoezi. Mama mdogo, ninayeishi kwake, alivaa, akachukua kitabu chake cha nyimbo, akasimama mlangoni kunitazama ninavyofunga miguu kwa bendeji. Kisha akatoka. Afadhali angenigombeza.

Barua ya baba imefika kutoka Hasamba, ameileta muuza viazi. Kahawa imeiva, watu wa kuchuma hawatoshi, mgongo unamsumbua. Anauliza kama naweza kuja hata siku tatu. Hajaamuru. Ameuliza.

Nimemjibu siwezi. Nimeandika sababu ni kazi. Sikuwa na ujasiri wa kuandika sababu yenyewe.

Alhamisi, 15 Julai

Leo nilitaka kuacha.

Baada ya mazoezi ya asubuhi nilimfuata Sensei kwenye kibanda chake cha kuchomelea vyuma. Alikuwa anatengeneza bampa la lori. Nilimweleza kwamba baba ananihitaji, kwamba mbavu za kushoto zinanichoma nikivuta pumzi, kwamba labda nisubiri mtihani wa mwakani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani yake myeusi.

Alinikumbusha nilivyokuja. Msichana wa miaka kumi na tisa kutoka shamba, niliyeogopa kupita stendi peke yangu kwa sababu ya yule kondakta aliyekuwa akinishika. Ni kweli. Yeye ndiye aliyenifundisha kuondoa mkono wa mtu mwilini mwangu. Wakati ule dojo nyingine huku haikuwepo, na hata kama ingekuwepo, wasingemchukua mwanamke. Alisema ameshapeleka majina Mbeya. Alisema wazee wa karate wa kule walimcheka alipotaja jina la kike, naye akaapa mbele yao kwamba nitapita.

Halafu akasema, "Ukiacha wewe, Enesi, simfundishi tena mwanamke. Sitakuwa na la kuwaambia."

Nikarudi kazini. Jioni nilikuwa ghalani kabla ya wengine.

Sina pa kutokea. Nikiendelea, mwili unakatika. Nikiacha, nawafungia mlango wasichana nisiowajua. Namchukia kwa kusema vile. Nampenda pia, kama mtu anavyompenda baba mkali. Vyote viwili kwa wakati mmoja, na vinachosha kuliko kichurachura.

Jumanne, 20 Julai

Hamadi ana homa. Jana alitetemeka wakati wa kukimbia, leo macho yamekuwa mekundu na midomo imepasuka. Aliomba jioni moja ya kupumzika. Moja. Sensei akasema homa inatoka kwa jasho.

Chanda akanong'ona kwamba kwao Nakonde mtu kama huyu anafunikwa mablanketi, hatupwi uwanjani. Alinong'ona tu. Mimi hata kunong'ona sikunong'ona.

Alhamisi, 22 Julai

Hamadi yuko hospitali. Siwezi kuandika.

Ijumaa, 23 Julai

Niandike yote, kisha nifiche daftari.

Jana jioni, saa kumi na moja na nusu. Pambano la mfululizo: mmoja anasimama katikati, wawili wanampokezana, hakuna kupumzika mpaka Sensei apige makofi. Zamu ya Hamadi kusimama katikati. Chanda akamaliza zamu yake, nikaingia mimi. Hamadi alikuwa amelowa kama mtu aliyetoka mtoni. Mikono yake ilikuwa chini. Niliona kwamba hanioni vizuri. Nikasimama nikamtazama Sensei.

"Endelea," akasema.

Nikapiga ngumi nyepesi ya kifua. Akasema tena niendelee, na nisimdhalilishe mwenzangu kwa kumwonea huruma.

Nikapiga teke la kulia. Juu, upande wa kushoto wa kichwa, sikioni. Lile tulilolirudia mara elfu. Lilikwenda sawasawa. Kiuno kilizunguka, mguu wa chini ukashika sakafu, halikunigharimu nguvu yoyote. Na nitaandika hili kwa sababu hapa hakuna anayesoma: lilipofika, nilifurahi. Kwa muda wa kupepesa jicho, nilifurahi.

Hamadi akaanguka. Kichwa kikagonga chuma cha mizani. Mlio wa kugonga ulikuwa mdogo tu.

Damu ikatoka sikioni. Sensei alipiga magoti, akamwita jina, akamwita tena. Chanda alikimbia nje kusimamisha gari. Ilipatikana pikapu ya mtu wa saruji, wakampakia. Sensei akapanda nyuma naye, kichwa cha Hamadi amekipakata. Mimi nilibaki na ndoo na tambara.

Jumapili, 25 Julai

Nimekwenda Vwawa na Sensei, hospitali. Hamadi amefumbua macho. Anatapika akigeuza kichwa. Sikio la kushoto halisikii kitu. Daktari anasema pengine litarudi, pengine hapana, na kizunguzungu kitachukua muda. Hakumbuki Alhamisi. Anakumbuka chakula cha mchana, wali na maharage, basi.

Mama yake, Bi Saumu, alikuwa amekaa chini kando ya kitanda, kanga ameivuta mpaka machoni. Ni mwanamke mrefu, mfanyabiashara wa vitenge, ametoka Tanga zamani na mumewe aliyekuwa dereva, mumewe akafa, yeye akabaki. Hamadi ni mtoto wake wa pekee. Alinishika mkono akanishukuru kwa kuja.

Ndipo nikasikia kilichosemwa. Sensei amewaambia wauguzi na mama kwamba alimkuta Hamadi ameanguka kwenye shimo la gereji, lile ambalo mafundi wanaingia kutazama malori kwa chini. Gereji iko mkabala na ghala letu. Hamadi hupita kule kila jioni kufungia vifaa. Inaingia akilini kabisa.

Ndani ya basi la kurudi nilimuuliza kwa nini. Alijibu bila kunitazama. Ghala tumepewa kwa hisani ya chama cha mazao, wakijua watatutoa siku hiyohiyo. Polisi watakuja. Na mtihani ndio basi. Basi likafika Mpemba. Halafu akasema, "Na mguu ni wako."

Amri yake. Mguu wangu. Nimekaa dirishani natazama mashamba ya mahindi yaliyovunwa mpaka Tunduma.

Jumanne, 27 Julai

Mambo yamekuwa mabaya zaidi. Bi Saumu amekwenda gereji, amelia mbele ya mafundi wote, amemuuliza mwenye gereji nani aliacha shimo wazi. Kuna fundi mmoja, Pascali, mtu wa Itaka. Kazi yake ya mwisho kila jioni ni kufunika shimo kwa mbao. Ameapa alifunika. Hakuna aliyemwamini, maana Hamadi ameumia na Sensei Jailosi ni mtu anayeheshimika. Amefukuzwa leo mchana.

Haya amenisimulia mama mdogo akiwa anashona, kama habari za mjini. Akaongeza kwamba mke wa Pascali ana mtoto wa wiki tatu.

Nimekwenda mazoezini. Nimepiga pushapu mia mbili.

Ijumaa, 30 Julai

Chanda haji. Amemtuma mwenzake wa baiskeli aseme amepata kazi ya kubeba mizigo Kasama. Uongo. Amekimbia. Ana mpaka wa kukimbilia, ana nchi nyingine kabisa. Mimi nina chumba kimoja nyuma ya cherehani ya mama mdogo.

Kwa hiyo ni mimi na Sensei tu. Asubuhi anakimbia nyuma yangu kwa baiskeli. Jioni anavaa nguo nyeupe na yeye mwenyewe anapambana na mimi, mtu wa miaka arobaini na sita. Ananipiga kweli. Mapaja yangu yamekuwa meusi. Mizani ameihamishia kona ya mbali, ameifunika kwa magunia.

Wakati wa kata ya tatu leo aliniambia nimeiva. Nimesubiri neno hilo miaka mitano. Nikaanza kata ya nne bila kumtazama.

Jumatano, 4 Agosti

Hamadi ameruhusiwa kurudi nyumbani. Nilikwenda kumwona mchana, nikitoka kazini. Anakaa kitandani, mto huku na huku. Akisimama anayumba, ukuta anaukosa. Fundi aliyekuwa anaingia chini ya lori na kutambua ubovu kwa kusikiliza.

Tulizungumza mambo ya hapa na pale. Aliniuliza habari za mtihani, akafurahi kusikia bado nakwenda. Kisha akageuza sikio zima upande wangu.

"Enesi, mimi nilianguka wapi hasa?"

Alisema watu wote wanamwambia shimoni, lakini akijaribu kuliona shimo halioni. Anaona magunia. Alidhani labda ni homa. Akasema ananiuliza mimi kwa sababu mimi sijawahi kumdanganya.

Nikamwambia, "Shimoni."

Akatikisa kichwa taratibu, akakubali. Alilala. Bi Saumu akanipa chai ya tangawizi nikainywa yote, kwa sababu mtu aliyepewa chai hunywa.

Jumamosi, 7 Agosti

Nimekutana na Pascali. Alikuwa anasukuma mkokoteni wa mifuko ya chumvi kuelekea mpakani, amevaa ovaroli ileile ya gereji. Alinisalimia yeye kwanza. Akaulizia hali ya Hamadi, kama anakula, kama anatembea. Nikajibu anaendelea.

Akapangusa jasho, akasema mwanzoni alikuwa na hasira sana, lakini sasa amekaa na kufikiri. Labda kweli alisahau. Siku ile mtoto alikuwa amekesha analia, yeye alikuwa na usingizi. Anajitahidi kukumbuka mikono yake ikishika mbao na hana hakika tena. Anaomba dua kwa ajili ya Hamadi kila siku.

Nilimwona akiondoka. Tumechukua kazi yake. Sasa tumechukua na kumbukumbu yake.

Jumatatu, 9 Agosti

Mazoezi asubuhi. Mazoezi jioni. Sili vizuri. Siku tano zimebaki.

Nilifikiri kujiumiza kwa makusudi. Kuvunja kidole. Nilikiweka kidole kwenye bawaba ya mlango wa choo, nikasimama pale. Nikakitoa. Kidole kilichovunjika hakimrudishii Pascali kitu.

Alhamisi, 12 Agosti

Nimesema.

Sikupanga. Saa saba mchana nilikuwa na karatasi kwenye mashine, jina la mwenye mzigo, aina ya mzigo, mahali ulikotoka. Nilipofika hapo, mahali ulikotoka, vidole vikasimama. Nikachukua kanga yangu, nikamuaga bosi nikisema naumwa, nikatembea mpaka kwa Bi Saumu.

Alikuwa anakunja vitenge barazani. Nikamsalimia, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba, akaanza kunitafutia kigoda. Nilimwambia sitakaa. Nikamweleza nimesimama, yote: homa, pambano, amri, mguu wangu, mizani. Kwamba hakuna shimo. Kwamba Pascali alifunika.

Hakulia. Hakupiga kelele. Aliweka kitenge chini.

"Mguu gani?" akauliza.

Nikamwambia wa kulia. Akautazama. Aliutazama muda mrefu, kuanzia goti mpaka kiatu, kama mtu anayetazama mnyama asiyemjua. Nilitamani anipige. Ningesimama nimwachie apige.

Badala yake akavaa ushungi wake, akafunga mlango wa nje, akasema, "Tangulia gereji."

Sikutangulia. Alipita mbele yangu, nikamfuata nyuma kama mtu aliyekamatwa. Watu wa mtaani wakitusalimia anaitikia, mimi siwezi. Gereji nikalazimika kurudia kila kitu mbele ya mwenye gereji na mafundi wanne, spana mikononi, hakuna aliyefanya kazi. Nilipomaliza mmoja alitema mate chini. Mwenye gereji alikaa juu ya tairi. Akasema Pascali aitwe. Alisema kwa sauti ndogo sana, kwa aibu.

Bi Saumu hakuondoka mpaka aliposikia fundi mmoja akitumwa kwa mguu kwenda kumtafuta. Ndipo akanigeukia, akaniambia nisikanyage kwake.

Nimerudi nyumbani. Nimemwambia mama mdogo. Ameniambia nile kwanza.

Sijaenda mazoezini. Mara ya kwanza katika siku thelathini na tisa.

Ijumaa, 13 Agosti

Sensei alikuja asubuhi. Mama mdogo alimpokea, akampa kiti, akabaki pale pale anashona, hakutuacha peke yetu. Namshukuru.

Uso wa Sensei umezeeka. Aliniambia chama cha mazao kimeshachukua ufunguo wa ghala. Polisi wamemwita, ameandika maelezo, wataniita na mimi. Jana jioni alikwenda kwa Bi Saumu akakaa kizingitini mpaka jua likazama. Hakufunguliwa. Nilidhani atanitukana. Nilikuwa tayari kwa matusi.

"Ulikuwa mwanafunzi wangu bora," akasema mwishoni. "Nilitaka kitu kimoja tu kitimie."

Alipotoka, mama mdogo alikata uzi kwa meno. Akasema yule mtu anasikitika kweli. Akasema pia kwamba kusikitika si kazi, mtu yeyote anaweza.

Jumamosi, 14 Agosti

Nimekwenda stendi. Sijui kwa nini. Nilikuwa na begi, nguo nyeupe zimepigwa pasi, mkanda wa kahawia umeviringwa juu. Mwili wangu ulikuwa unajua ni siku gani. Haujawahi kuwa na nguvu kama leo.

Sensei alikuwa pale, kando ya basi la kwanza la Mbeya, amevaa koti lake la suti. Ana bahasha. Aliponiona alifumba macho kidogo, kama mtu aliyetua mzigo. Akanieleza kwa haraka kwamba barua ya kunidhamini ameisaini, nafasi yangu ipo, wazee wa Mbeya hawajasikia lolote. Kilichotokea Tunduma kibaki Tunduma kwa siku moja tu. Nimekwishasema ukweli, hakuna anayenidai zaidi. Nikipita leo, nitakuwa mwanamke wa kwanza wa huku.

Kondakta alikuwa anaita abiria wa Vwawa, Mlowo, Mbeya. Niliitaka ile safari. Niandike wazi: niliitaka kama maji.

Nikamuuliza, "Wakiuliza Hamadi yuko wapi, utawaambia?"

Alitazama bahasha. Akasema hilo si la leo.

Basi likawashwa. Nilikuwa mbele ya mlango, watu wananipita kwa mabega. Nikasogea pembeni. Hakunishawishi tena. Alipanda, akakaa kiti cha dirishani upande wa pili ili tusionane, basi likaondoka.

Nilikaa kwenye benchi la stendi mpaka saa nne. Nimelia hadharani, nimepangusa uso kwa mkanda wa kahawia. Hakuna aliyeniuliza. Stendi watu wanalia kila siku.

Jumatano, 1 Septemba

Nimetoka Hasamba juzi. Wiki mbili za kuchuma kahawa na baba. Mgongo wake haujapona lakini kahawa yote iko kwenye vichanja. Hakuniuliza mambo mengi. Nilipomweleza, alisema nilipaswa kukataa kuendelea nilipomwona mwenzangu hanioni. Alisema mara moja tu. Ni kweli, na nitaishi nalo.

Polisi wameniandika maelezo. Kesi iko mikononi mwao. Pascali amerudi gereji. Nilikwenda kumwomba radhi, akaniambia kitu kilichomsaidia si kazi kurudi, ni kujua kwamba mikono yake ilifunika mbao. Kisha akaendelea na kazi yake. Hatutakuwa marafiki.

Sensei anachomelea vyuma palepale. Nasikia Mbeya aliwaambia wazee yote, bila kuulizwa, mbele ya wanafunzi wa watu wengine, na wamemzuia kufundisha. Sijui kama ni kweli. Tulipopishana barabarani alivua miwani, nikainamisha kichwa kidogo. Simchukii. Ingekuwa rahisi zaidi.

Leo mchana Hamadi alimtuma jirani aniite. Niliogopa. Bi Saumu alifungua mlango, akanitazama, akasogea nipite. Hakujibu salamu yangu.

Hamadi alikuwa amekasirika. Siyo kwa teke. Aliniambia teke lilikuwa mazoezi, hata yeye angepiga akiambiwa. Amekasirika kwa lile neno moja nililomjibu alipokuwa kitandani. Nilimwambia najua.

Halafu akasema daktari amemwagiza atembee kwenye mstari ulionyooka kila siku ili kizunguzungu kipungue, na mama yake hana nguvu za kumdaka akianguka. Akauliza kama ninaweza.

Tulichora mstari wa chaki barazani, kutoka ukutani mpaka kwenye nguzo. Hatua kumi na mbili. Nikatembea upande wa kulia, ambako anasikia, mkono wangu karibu na kiuno chake bila kumgusa. Ya kwanza aliyumba. Ya nne akanishika bega kwa nguvu, jasho likamtoka usoni. Sikumwambia aendelee. Nilisubiri. Alipumua mpaka alipotosheka, akaniachia bega, akainua mguu mwenyewe.

Tulifika kwenye nguzo. Bi Saumu alikuwa mlangoni muda wote, mikono ameikunja, anahesabu kimoyomoyo, naona midomo yake. Tukageuka polepole, tukaanza kurudi.